Maswali ya Wasomaji: Mawe ya Chokaa Yenye Uwazi Sawa na Upenyezaji Usiolingana

Swali la kwanza

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti niliyehitimu shahada ya jiolojia mwaka jana, na kwa sasa niko nyumbani Shangani, Mtwara, nikijifunza kusoma logi za kisima, yaani rekodi za vipimo vinavyochukuliwa ndani ya kisima kwa kila kina, kwa data za mazoezi. Katika zoezi moja kuna matabaka mawili ya mwamba wa chokaa. Densiti ya yote mawili ni gramu 2.37 kwa sentimita moja ya ujazo, na logi ya nyutroni inasoma asilimia 20 kote. Logi ya sauti inasoma maikrosekunde 61 kwa futi katika tabaka la juu na 76 katika tabaka la chini. Ukinzani wa umeme ni omu-mita 5 juu na 1.25 chini, na tumeambiwa kwamba matabaka yote yamejaa maji ya chumvi ambayo ukinzani wake ni omu-mita 0.05. Logi ya sumaku, ile inayopima viini vya hidrojeni, inaonyesha kwamba katika kila tabaka asilimia 15 ya ujazo wa mwamba ni maji huru, yanayoweza kutiririka, na asilimia 5 ni maji yaliyoshikwa na mwamba. Nimekokotoa upenyezaji kwa mlinganyo wa logi hiyo nikapata milidarsi 144 (milidarsi ni sehemu ya elfu ya darsi, kipimo cha upenyezaji) kwa yote mawili. Majibu ya maabara yaliyoambatanishwa yanasema tabaka la juu lina milidarsi 0.4 na la chini lina 120. Nimekosea wapi?

*Msomaji, Shangani, Mtwara*

Jibu

Marahaba, binti yangu. Hesabu yako ni sahihi, na mlinganyo ulioutumia ni wa kuaminika ukitumiwa mahali pake. Kuna hatua moja uliyoiruka, nayo ni kuuliza ni vitundu vya aina gani vinavyofanya huo uwazi wa asilimia 20. Katika mwamba wa mchanga mtu anaweza kuiruka hatua hiyo na mara nyingi asidhurike. Katika mwamba wa chokaa, hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Uwazi ni hesabu ya nafasi tupu iliyomo ndani ya jiwe, ilhali upenyezaji ni habari ya njia, yaani kama nafasi hizo zimeunganishwa, na kama zimeunganishwa, shingo zinazounganisha kitundu na kitundu ni pana kiasi gani. Kipimo cha darsi kinatokana na jina la Henry Darcy, mhandisi Mfaransa ambaye mwaka 1856 alichapisha majaribio yake ya kupitisha maji kwenye mchanga katika mji wa Dijon. Yeye aliyapima maji yenyewe yakipita. Logi za kawaida hazifanyi hivyo: zinapima densiti, hidrojeni, mwendo wa sauti na ukinzani wa umeme, kisha sisi ndio tunaokisia njia kutokana na vipimo vya vitu vingine.

Unakaa mahali pazuri pa kujionea jambo hili kwa macho. Nenda Mikindani, utafute ukuta wa kale ambao lipu yake imebanduka, uyatazame mawe ya matumbawe yaliyojengewa. Utaona jiwe lenye mashimo mengi yaliyoachwa na kome au matawi ya tumbawe yaliyoyeyuka, ilhali kati ya shimo na shimo kuna ukuta mgumu wa kalisaiti, madini yanayofanya jiwe la chokaa. Pembeni yake utaona jiwe jingine la punje punje, mfano wa mchanga ulioshikamana, ambalo nafasi zake ni ndogo lakini zimezagaa kila mahali. Limwagie maji kila moja. La kwanza litayatuamisha ndani ya vishimo vyake, na la pili litayanywa. Yote mawili yanaweza kuwa na uwazi sawa ukipimwa, na sababu ya tofauti yao ni historia: jiwe la chokaa limejengwa na viumbe hai, na madini ya magamba yao huyeyuka kwa urahisi kuliko kalisaiti inayoganda upya kuyazunguka, hata mahali palipokuwa na gamba hubaki tundu na mahali palipokuwa na tundu hujazwa.

Sasa turudi kwenye namba zako. Logi ya densiti huhesabu kila nafasi tupu, iwe imeunganishwa au imefungwa. Kalisaiti tupu ina densiti ya 2.71 na maji ni 1.0, kwa hiyo 2.71 ukitoa 2.37, kisha ugawanye kwa 1.71, unapata asilimia 20, na nyutroni inakubaliana nayo. Sauti ina tabia nyingine. Wimbi la kwanza kufika kwenye kipokezi ni lile lililopata njia ya haraka, na tundu kubwa la mviringo lililozungukwa na kalisaiti ngumu halilicheleweshi sana, kwa kuwa wimbi hulizunguka kwa kupita kwenye jiwe gumu. Ukitumia kanuni ya wastani wa muda, ambayo huchukua maikrosekunde 47.5 kwa futi kuwa mwendo katika kalisaiti na 189 kuwa mwendo katika maji, tabaka la chini linatoa asilimia 20, sawasawa na densiti. Tabaka la juu linatoa asilimia 9.5 tu. Densiti imeona asilimia 20 na sauti imeona 9.5, asilimia 10.5 iliyobaki imo kwenye matundu ambayo sauti imeyazunguka. Hayo ni matundu yaliyojitenga, na hapo ndipo milidarsi zako zilipopotelea.

Jambo hilohilo linaweza kuelezwa kwa kasi. Maikrosekunde 61 kwa futi ni kasi ya takriban mita 5,000 kwa sekunde, wakati uwazi wa asilimia 20 ungetufanya tutarajie takriban mita 4,000. Watafiti Anselmetti na Eberli, waliochapisha mwaka 1999 njia ya kuchora tofauti hiyo kama logi inayojitegemea, walichukua mita 500 kwa sekunde kuwa mpaka. Tofauti inayozidi hapo kuelekea juu inaashiria matundu yaliyojitenga ndani ya jiwe gumu. Tofauti ndogo kuliko hapo, juu au chini ya sifuri, inaashiria nafasi kati ya punje au kati ya fuwele. Na kasi inapopungua kuliko ilivyotarajiwa kwa zaidi ya mita 500, hapo hushukiwa nyufa, kisima kilichobomoka kuta, au gesi. Tabaka lako la juu limezidi kwa takriban mita 1,000. Hakuna la kubishania hapo.

Umeme unatoa ushahidi wa pili kwa njia iliyo kinyume na ya sauti. Mkondo hauwezi kupita kwenye kalisaiti, bali hupita kwenye maji ya chumvi peke yake, kwa hiyo tundu lililojitenga kwake ni kama chumba kisicho na mlango. Mtafiti Archie alionyesha mwaka 1942 kwamba ukigawanya ukinzani wa mwamba uliojaa maji kwa ukinzani wa maji yenyewe, unapata namba inayotegemea uwazi uliopandishwa kwa kipeo kinachoandikwa kwa herufi m. Tabaka la chini lina 1.25 gawanya kwa 0.05, ambayo ni 25, na kwa uwazi wa asilimia 20 kipeo kinatoka 2.0 barabara. Tabaka la juu lina 5 gawanya kwa 0.05, ambayo ni 100, na kipeo kinatoka takriban 2.86. Njia ya umeme katika tabaka la juu ni mbovu mara nne, ingawa kiasi cha maji ni kilekile.

Nikae kidogo kwenye kipeo hiki, maana kimewagharimu watu wengi. Chukulia kwamba tabaka la aina hiyohiyo liko juu zaidi, mahali penye mafuta, na ukinzani wake unasoma omu-mita 20. Ukitumia m ya 2 kwa mazoea, unapata kwamba maji ni asilimia 25 ya uwazi na mafuta ni asilimia 75. Ukitumia 2.86, maji ni asilimia 50. Theluthi moja ya nafasi uliyodhani ni mafuta imegeuka kuwa maji matupu, na hilo ni kosa la kubadili uamuzi wa kuendelea na kisima au kukiacha. Kwa sababu hiyo sipendi kuona m ya 2 imeandikwa kwenye hesabu ya mwamba wa chokaa bila maelezo ya ilikotoka.

Logi ya sumaku ndiyo iliyokupoteza, tena kwa namna inayoeleweka. Kifaa hicho hupima muda ambao viini vya hidrojeni huchukua kulegea. Maji yaliyo kwenye kitundu kidogo hugusana sana na ukuta na hulegea upesi, na maji yaliyo kwenye kitundu kikubwa hulegea polepole. Kwa desturi muda wa milisekunde 92 huchukuliwa kuwa mpaka kati ya maji yaliyoshikwa na maji huru katika mwamba wa chokaa, na milisekunde 33 katika mwamba wa mchanga. Lakini kifaa kinajua ukubwa wa kitundu tu; hakijui kama kitundu hicho kina mlango. Matundu ya kome ni makubwa, kwa hiyo maji yake yanahesabiwa kuwa huru hata kama hayana pa kutokea. Mlinganyo wako unagawanya uwazi kwa 10, unapandisha kwa kipeo cha 4, kisha unazidisha kwa mraba wa maji huru gawanya kwa maji yaliyoshikwa: 16 mara 9, ni 144. Kwa tabaka la chini jibu hilo ni jema, kwa kuwa maabara wamepata 120.

Kwa tabaka la juu, ondoa kwanza matundu yaliyojitenga. Uwazi unaobaki ni asilimia 9.5, maji yaliyoshikwa bado ni asilimia 5, na maji huru yenye njia ni asilimia 4.5 tu. Asilimia 9.5 gawanya kwa 10, kwa kipeo cha 4, ni takriban 0.81, na mraba wa 4.5 gawanya kwa 5 nao ni 0.81. Zidisha, unapata milidarsi 0.66. Maabara wamesema 0.4. Katika kukisia upenyezaji, ambao hutofautiana mara elfu kati ya tabaka na tabaka, kukaribia kiasi hicho ni kufaulu. Usiichukulie njia hii kama kanuni ya kila mahali, kwa kuwa maji ya vitundu vidogo na vikubwa vilivyo jirani huweza kuchanganya ishara zao, na gawio hilo la 10 lenyewe hurekebishwa kwa kila eneo kwa kulilinganisha na sampuli.

Ninao wasiwasi mmoja juu ya tabaka la chini, ingawa safari hii limekujibu vizuri. Densiti na sauti zikikubaliana, na m ikawa 2, unachojua ni kwamba uwazi uko kati ya punje au fuwele. Hujui punje zenyewe ni kubwa kiasi gani. Chaki ya Bahari ya Kaskazini, kama ile ya eneo la Ekofisk nchini Norwei, ina uwazi wa asilimia 30 na zaidi, na vitundu vyake vimeunganishwa, lakini shingo zake ni nyembamba mno hata upenyezaji wa jiwe lenyewe huwa wa milidarsi chache. Kwa sauti na kwa umeme chaki hujitambulisha kama tabaka lako la chini. Mwanajiolojia Lucia aliyagawa mawe ya kabonati, yaani ya chokaa na ya dolomaiti, katika makundi matatu kwa ukubwa wa punje na fuwele, yaani yaliyozidi maikromita 100, yaliyo kati ya 20 na 100, na yaliyo chini ya 20, kwa kuwa mawe yenye uwazi sawa katika makundi hayo hutofautiana sana kwa upenyezaji. Hapa logi ya sumaku inarudi kuwa rafiki: kama tabaka hilo lingekuwa na asilimia 5 ya maji huru na 15 ya yaliyoshikwa, mlinganyo uleule ungekupa chini ya milidarsi 2.

Tazama pia kipima kipenyo cha kisima. Tope la kuchorongea huacha utando ukutani pale tu ambapo maji yake yamepenya ndani ya mwamba, kwa hiyo kipenyo kinaposoma kidogo kuliko kekee iliyochoronga, mwamba huo unapitisha. Nao ukinzani unaopimwa karibu na ukuta wa kisima ukiachana na ule unaopimwa mbali zaidi ndani ya mwamba, ni dalili kwamba maji ya tope yameingia na kuyasukuma ya asili. Ni vipimo vya kizamani na visivyo na gharama ya ziada, na nasikitika kwamba vijana wengi huviruka kwenda moja kwa moja kwenye mlinganyo.

Kabla ya yote hayo hakikisha jiwe ni kalisaiti kweli. Dolomaiti, madini yanayofanana na kalisaiti lakini yenye magnesi, ina densiti ya 2.87, na ukiidhania kuwa kalisaiti, somo lako la 2.37 lingekupa asilimia 20 mahali ambapo ukweli ni karibu 27. Katika zoezi lako nyutroni na densiti zimekubaliana kwa kipimo cha mwamba wa chokaa, na ndiyo maana sikulianza jibu langu hapo.

Swali la pili

Ndugu Mhariri, ninafundisha jiografia katika shule ya sekondari hapa Lindi mjini. Wanafunzi wameniuliza kama gesi yetu ya Songo Songo na Mnazi Bay imo ndani ya mawe ya chokaa kama haya tunayoyaona pwani. Naomba jibu fupi la kuwapelekea.

*Mwalimu, Lindi*

Jibu

Hapana, Mwalimu. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, na ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, imo katika miamba ya mchanga iliyo chini sana ardhini. Mawe ya matumbawe mnayoyaona ufukweni ni ya umri mdogo zaidi na yako juu. Waambie pia kwamba mahali pengine duniani hali ni tofauti: Ghawar ya Saudi Arabia, ambalo ni eneo kubwa kuliko yote ya mafuta ya kawaida, linahifadhi mafuta yake katika miamba ya kabonati. Ukipata nafasi ya kuwapeleka Kilwa Kisiwani, waonyeshe kwamba msikiti mkuu wa kale umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo.

Swali la tatu

Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni fundi wa kuchoronga visima vya maji, Kilwa Masoko. Mara nyingine tunachoronga jiwe gumu la chokaa lisilo na tundu hata moja kwa macho, kisha ghafla maji yanakuja kwa wingi. Mara nyingine jiwe lina matundu tele na kisima hakitoi kitu. Nimesoma kwamba wenzetu wa gesi wana vyombo vya kupima ndani ya kisima. Je, vyombo hivyo vingeliona jambo hili mapema?

*Fundi, Kilwa Masoko*

Jibu

Salaam, Fundi. Kisima chako cha pili ni lile tabaka la juu la binti wa Shangani, matundu tele yasiyo na milango. Cha kwanza kimekata ufa, na ufa una hesabu ya ajabu. Chukua jiwe lisilopitisha kitu, lenye nyufa sambamba zenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita, ufa mmoja kila mita moja. Uwazi wa nyufa hizo ni asilimia 0.01 tu, na hakuna logi ya densiti itakayouona. Hata hivyo, upenyezaji unaotokana nazo kuufuata mwelekeo wake ni takriban milidarsi 84. Panua kila ufa mara mbili, na upenyezaji utapanda mara nane, kwa kuwa unategemea upana wa ufa uliopandishwa kwa kipeo cha 3. Maji yenye tindikali hafifu yakipita kwenye ufa wa chokaa kwa muda mrefu, huupanua hata ukawa pango, na ninyi wa Kilwa mnayo mapango ya Matumbi kuwa ushahidi.

Vyombo vipo. Kipo kinachopiga picha ya ukuta wa kisima kwa umeme au kwa sauti, na ufa ulioinama huonekana humo kama mstari wa wimbi. Lipo pia wimbi la Stoneley, ambalo husafiri kwenye kimiminika kilichomo kisimani likifuata ukuta, na linapofika kwenye ufa ulio wazi hupoteza nguvu na sehemu yake hurudi lilikotoka. Kati ya logi zote hiyo ndiyo inayoukaribia upenyezaji wenyewe. Kipeo cha m tulichokizungumza hapo juu hushuka kuelekea 1 penye nyufa, kwa sababu umeme hupata njia iliyonyooka. Kumbuka tu kwamba kisima cha wima kinaweza kupita katikati ya nyufa mbili za wima bila kukata hata mmoja, na hapo chombo hakitaona kilichokosekana.

Gharama ya vyombo hivyo haiendani na kisima cha maji cha kijiji, na wewe huvihitaji ili kuujua upenyezaji, kwa kuwa unaweza kufanya alichofanya Darcy, yaani kuyapima maji yenyewe. Wakati wa kuchoronga, andika kina ambacho kekee ilizama ghafla au maji ya kuchorongea yalipotea, maana hapo ndipo penye ufa. Kisima kikikamilika, pampu kwa kiwango kimoja kisichobadilika, ukiandika kina cha maji kila baada ya dakika chache, kisha zima pampu na uendelee kuandika jinsi maji yanavyopanda. Na kwa kuwa mko karibu na bahari, onja au pima chumvi ya maji mwanzoni na mwishoni mwa kazi hiyo, kwa sababu ufa unaoleta maji matamu kwa wingi unaweza pia kuifikia bahari, na chumvi ikianza kupanda, punguza kiwango cha pampu siku hiyohiyo.